Stesheni ya Jinja Yafundisha Kuusoma Mji

Mji wa Jinja hupokea wageni wengi, na wengi wao huja kwa ajili ya mto. Hushuka garini, huelekea moja kwa moja kwenye chanzo cha Nile, hupanda mashua, hupigwa picha, na kabla ya jua kuchwa huwa wamekwisha kushika njia ya kurudi Kampala, mwendo wa kilomita 80 hivi. Wachache mno ndio wageukao kando wakaenda kuiona stesheni ya zamani ya reli. Hata mwenyeji wa miaka mingi aweza kuipita stesheni hiyo asubuhi na jioni, akiwahi kazini au sokoni, asijiulize hata siku moja ilijengwa na nani na kwa faida ya nani.

Katika stesheni hiyo, mnamo mwongo huu wa 2020, yalifunguliwa Makumbusho ya Reli ya Uganda. Ni makumbusho madogo. Atakayekwenda kwa matumaini ya kuona kumbi nyingi zilizojaa hazina, kama zile za Kitante mjini Kampala, huenda akatoka upesi akisema kwamba hapakuwa na jambo. Lakini udogo si aibu. Jumba kubwa la makumbusho humfanya mtu astaajabie vitu vya mbali. Jumba dogo, likiwekwa mahali pake, humfundisha kuviona vitu vya karibu ambavyo macho yamekwisha kuvizoea. Hilo ndilo funzo linalopatikana Jinja, nalo linahitajika mno katika miji ya mashariki ya Uganda wakati huu ambapo nyumba za kale zinabomolewa kimyakimya, moja leo na nyingine kesho.

Makumbusho hayo yaliletwa na taasisi iitwayo Cross-Cultural Foundation of Uganda, ikishirikiana na shirika la reli na kusaidiwa na Umoja wa Ulaya. Taasisi hiyo hiyo imefanya kazi ya kuorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Kwa hiyo si ajabu kwamba mgeni aingiapo kutazama habari za reli hutoka akitazama habari za mji mzima.

GARI MOSHI LILIVYOUFIKIA MTO

Kwa karne moja sasa, watoto wa Afrika Mashariki wamefundishwa kwamba reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Yasiyotajwa mara kwa mara ni gharama yake kwa roho za watu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Tena reli hiyo, ingawa iliitwa Reli ya Uganda, ilikomea ukingoni mwa ziwa. Pamba ya Busoga ilibidi ipakiwe katika meli Jinja, ivushwe ziwa hadi Kisumu, na ndipo ipandishwe gari moshi kwenda pwani.

Mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi ya Busoga, iliyotoka Jinja kuelekea kaskazini hadi Namasagali. Sababu yake ni rahisi kuifahamu mtu akiutazama mto. Baada ya kutoka ziwani, Nile hupita katika maporomoko mengi, na hapana meli iwezayo kupita hapo. Reli iliyaruka maporomoko hayo, na kutoka Namasagali meli ziliendelea hadi ziwa Kyoga na Masindi Port. Baadaye, katika miaka ya 1920, reli kubwa ilikuja kwa njia ya Eldoret na Tororo. Kutoka Tororo tawi moja lilipanda kaskazini kwenda Mbale na Soroti, na njia kuu ikaja Busoga. Mwaka 1931 daraja la chuma lilivuka Nile hapo Jinja, na gari moshi likafika Kampala. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya Kilembe ikaanza kuletwa Jinja kuyeyushwa. Mwaka 1964 tawi la kaskazini lilifika Pakwach.

Hayo yote husemwa na makumbusho madogo kwa picha, maelezo na vyombo vya kazi. Mtoto aliyezaliwa baada ya treni za abiria kukoma katika miaka ya 1990 hajapata kuona mkuu wa stesheni akipiga simu stesheni ya mbele kuuliza kama njia ni nyeupe. Hajui kwamba katika reli ya njia moja, treni mbili zikiruhusiwa kwa wakati mmoja kutoka pande mbili, mwisho wake ni msiba. Kwa hiyo kila treni ilisubiri idhini, kila idhini iliandikwa, na dereva hakusogea bila idhini hiyo. Askari yeyote atalifahamu jambo hili mara moja, maana ndiyo nidhamu ya lindo na ya kitabu cha zamu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Stesheni, behewa, mataruma, kiberenge, tiketi: maneno haya yalisafiri pamoja na reli. Mfanyakazi wa Kisoga, Mjaluo wa Kisumu, Mgisu na Mhindi walielewana kwa Kiswahili, kama walivyoelewana askari kambini. Wenzetu wa Kenya waliliona hilo mapema, wakafungua makumbusho yao ya reli Nairobi mwaka 1971. Uganda imechelewa, lakini heri kuchelewa kuliko kukosa.

NYUMBA ZENYE MIAKA USONI

Mgeni akitoka stesheni na kuingia katikati ya mji, atakuta mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Majina yake peke yake ni somo. Lubas Road yakumbusha Luba, chifu wa Busoga ambaye katika eneo lake Askofu Hannington aliuawa mwaka 1885. Gabula yakumbusha watawala wa Bugabula. Gokhale ni jina la mwanasiasa wa Bara Hindi. Watu ambao pengine wasingeketi meza moja enzi za uhai wao wamewekwa jirani katika vibao vya njia.

Barabara kubwa, Main Street, ndiyo yenye utajiri zaidi wa majengo. Hapo inafaa kusimama upande wa pili wa njia na kuinua macho juu ya mbao za matangazo. Juu ya ukuta wa mbele wa maduka mengi, pale ukuta unapopanda kulificha paa, pameandikwa jina la mwenye nyumba wa zamani au mwaka wa kujengwa. Nyumba nyingi ni za nusu ya kwanza ya karne ya 20. Zile za mwanzo zina nguzo na nakshi za maua na matao, kama walivyozoea mafundi wa Gujarat. Zilizofuata zina mistari iliyonyooka, pembe za mviringo na vipenu vyembamba vya saruji juu ya madirisha, mtindo ulioenea duniani kote katika miaka ya 1930 na kuufikia hata ukingo wa Nile.

Namna ya ujenzi wenyewe ilikuwa na akili. Mbele palikuwa duka. Nyuma yake palikuwa vyumba vya jamaa, na katikati ua wa kupikia, kuanikia nguo na kuchezea watoto. Ghorofa ya juu ilikuwa na roshani ya kupungia upepo. Baraza ilikuwa ndefu, yenye paa, nayo iliungana na baraza ya jirani hadi mwisho wa mtaa, ili mpita njia asinyeshewe wala asichomwe na jua. Chini ya baraza hizo ndipo walipoketi mafundi cherehani na mashine zao, na wengine wapo hadi leo. Tundu za hewa ziliachwa karibu na dari ili joto lipande na kutoka lenyewe, bila umeme na bila pangaboi. Nyumba nyingi mpya za vioo, zilizoinuliwa mahali pa nyumba hizo, huwa na joto kali adhuhuri hata wapangaji wakashindwa kukaa pasipo mashine ya kupoza hewa. Kwa hiyo kuhifadhi nyumba ya kale si kupenda uzee tu. Ni kutunza maarifa ambayo bado yanafaa.

MALI ILIYOKOSA MWENYEWE

Hata hivyo, nyumba hizo zina jambo zito linalowafanya wengi wasite kuziita urithi. Zilijengwa na Waasia, chini ya serikali ya kikoloni, katika mji uliopangwa kwa rangi za watu. Kisha, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na siku 90 zikawekwa. Makumi ya maelfu waliondoka. Mji wa Jinja, uliokuwa na Waasia wengi na viwanda vyao, uliona milango ya maduka ikifungwa mtaa baada ya mtaa.

Maduka na nyumba waligawiwa watu wengine, na miongoni mwao walikuwamo askari. Wananchi wakawabatiza matajiri wa ghafla jina la mafuta mingi. Baadhi yao walijitahidi kufanya biashara. Wengine waliuza akiba iliyokuwamo dukani, na ilipokwisha wakafunga. Nyumba zenyewe ziliwekwa chini ya halmashauri ya kutunza mali za walioondoka. Mpangaji hakutengeneza paa kwa kuwa nyumba si yake. Mwenye nyumba alikuwa Leicester au Toronto. Mvua ya miaka mingi ikafanya kazi yake. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuzirudisha mali hizo, na katika miaka ya 1990 nyingi zilirudishwa. Wapo waliorudi wakakaa, na wapo waliorudi wakauza.

Nyumba yenye historia ya namna hiyo ni urithi wa nani? Wa mjukuu wa mwenye duka aliyefukuzwa? Wa mpangaji aliyelea watoto wake humo kwa miaka 20? Wa kibarua aliyebeba matofali na ambaye jina lake halikuandikwa popote? Jibu lililo rahisi ni kuchagua mmoja na kuwafuta wengine. Jibu lililo la haki ni kukubali kwamba wote wana sehemu yao, na kwamba ukuta ukianguka wote wamepoteza ushahidi. Aliyeonewa hupoteza ushahidi wa kuonewa kwake, na aliyefanya kazi hupoteza ushahidi wa kazi yake.

MITAA ISIYO NA NAKSHI

Kwa sababu hiyo makumbusho ya mji hayawezi kuishia Main Street. Walukuba, mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni ili kuwapangisha wafanyakazi wa Kiafrika, hauna nakshi wala roshani. Una nyumba ndogo zilizopangwa kwa safu. Lakini humo ndimo walimolala watu walioendesha viwanda vya Jinja, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho kila mtu alikijua kwa jina la Nytil. Ukubwa wa chumba ni habari ya kihistoria kama lilivyo jina lililochongwa juu ya duka, kwa kuwa huonyesha wapangaji wa mji walimhesabu mfanyakazi kuwa mtu wa nafasi kiasi gani.

Kambi za askari na nyumba za polisi ni mitaa ya namna hiyo pia. Jinja ilikuwa makao ya kikosi cha 4 cha King's African Rifles, kikosi cha Uganda. Hapo Jinja, mwezi wa Januari 1964, miezi michache tu baada ya uhuru kutimiza mwaka mmoja, askari waligoma wakidai mishahara bora na maofisa wa Kiafrika, kama walivyofanya wenzao wa Tanganyika na Kenya katika siku zizo hizo. Watoto wengi wamezaliwa na kukulia katika nyumba za kambi, wakahamishwa kila baba au mama alipopata uhamisho, wala hawana picha hata moja ya mlango wa nyumba waliyojifunzia kutembea.

Kilima cha Mpumudde nacho kina habari yake. Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyepigana na Waingereza kwa miaka mingi kisha akapelekwa uhamishoni Shelisheli, alifia hapo mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Hakuiona tena nchi yake. Mgeni aliyekwisha kuona chanzo cha Nile lakini hakupita Mpumudde ameuona mji nusu.

MAWE YALIYOMEZWA NA MAJI

Jina la Jinja kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alisimama mahali ambapo maji ya ziwa yaliruka juu ya mawe na kuwa mto, akapaita Maporomoko ya Ripon. Wenyeji walikuwa wakipajua mahali hapo tangu zamani na hawakungoja mgeni awagundulie. Leo hapana maporomoko. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi wa Aprili 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale, liliinua maji, na mawe yale yakatoweka. Baadaye bwawa la Bujagali, lenye nguvu ya megawati 250, lilifunika maporomoko mengine yaliyo chini zaidi.

Hapana atakayesema kwamba taifa lingebaki gizani ili mawe yaonekane. Umeme wa Owen Falls ndio uliozisukuma nyuzi za Nytil na tanuri la shaba. Lakini jambo lililotukia laonyesha thamani ya kuandika na kupiga picha mapema. Maporomoko ya Ripon yanaonekana leo katika picha na vitabu tu, na picha hizo zisingalikuwapo tusingalijua yalikuwa na umbo gani. Nyumba ya Main Street ikibomolewa pasipo kupigwa picha haiachi hata kivuli.

Daraja la juu ya bwawa lina kumbukumbu yake ya kiaskari. Mnamo Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipokuwa wakielekea mashariki, ilihofiwa kwamba bwawa lingelipuliwa. Jinja ilitekwa tarehe 22 Aprili, na bwawa likapatikana zima. Magari yaliendelea kuvuka juu yake kwa karibu miaka 40 zaidi, mpaka daraja jipya linaloshikiliwa na nyaya, lenye urefu wa mita 525, lilipofunguliwa Oktoba 2018. Kukitunza kitu katikati ya vita ni ushindi ambao hauna nishani, lakini nchi nzima huula matunda yake.

MBALE CHINI YA MLIMA

Kutoka Jinja, barabara hupita Iganga, kisha kwa njia ya Tirinyi huvuka bonde la mto Mpologoma penye mashamba ya mpunga, na baada ya hapo ukuta wa Wanale hutokeza mbele, wa bluu, umejaa maporomoko membamba wakati wa mvua. Mbale umekaa miguuni pake. Aliyekwisha kufundishwa na stesheni ya Jinja huingia Mbale akiwa na macho mengine. Hangoji kuonyeshwa jumba la makumbusho. Huanza na mnara wa saa uliosimama penye mzunguko wa barabara, huzitazama baraza za maduka, ambazo ni ndugu wa zile za Jinja, na huuliza jina la mtaa ambao hadi leo watu huuita Indian Quarters.

Mwanzo wa mji huo hutajwa pamoja na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeiteka sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza, kisha akakaa Mbale katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Wapo wanaomsifu kwa barabara na kwa mji. Wapo Wagisu na Wateso ambao wazee wao walimjua kwa bunduki, kodi na kazi ya kulazimishwa. Mwishowe Kakungulu mwenyewe aliona kwamba Waingereza walimtumia wasimpe alichotarajia. Mwaka 1919 aliacha Ukristo, akafuata dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Jumuiya ya Abayudaya ingalipo, na sinagogi lake li juu ya kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Mji mmoja, ndani ya miaka mia moja na kidogo, una sinagogi juu ya kilima, makanisa, misikiti, na tangu mwaka 1988 una Chuo Kikuu cha Kiislamu. Miji michache ya Afrika Mashariki ina somo la ujirani mkubwa kama huo.

Kahawa ya mlimani iliujenga Mbale kama pamba ilivyoijenga Jinja. Chama cha ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilimwezesha mkulima wa mlimani kuuza kahawa yake bila kupitia kwa mchuuzi wa mjini, na maghala yake ni majengo ya kihistoria ingawa hayana nguzo za fahari. Katika miaka ya 1960 Mbale ulisifiwa kuwa mji safi kuliko miji yote ya Uganda. Wazee wangali wakilisema hilo kwa kiburi, na pia kwa uchungu.

Uchungu huo una sababu. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mvua ilikuwa kubwa, lakini pia watu walikuwa wamejenga mahali ambapo maji yalikuwa yamezoea kupita. Ramani ya zamani ya mji, inayoonyesha mto ulipokuwa ukipanuka wakati wa masika, si karatasi ya kupamba ukuta. Ni onyo. Mji unaosahau nyumba zake hupoteza uzuri. Mji unaosahau mito yake hupoteza watu.

KIPI KIBAKI?

Uganda ilikuwa na sheria ya kulinda majengo na mahali pa kihistoria tangu mwaka 1967, na mwaka 2023 ikatunga sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu. Lakini sheria peke yake haipaki chokaa. Mwenye nyumba ya kale ana hoja zake, nazo si za kupuuzwa: kodi anayopata ni ndogo, kiwanja ni ghali, mbao za dari zimeliwa na mchwa, na benki itamkopesha kujenga ghorofa tano lakini si kutengeneza roshani. Kumwambia asibomoe, pasipo kumsaidia, ni kumtwika gharama ya fahari ya wengine. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale ni majiji, na hamu ya kuonekana kama jiji huzidi kuhimiza ubomoaji.

Si kila nyumba ya kale lazima ibaki. Lakini inawezekana kuchagua mitaa michache na kuihifadhi yote, badala ya kuacha nyumba moja hapa na nyingine kule kama meno ya kizee. Inawezekana kuacha ukuta wa mbele na baraza, na kujenga upya nyuma yake. Inawezekana kumpunguzia kodi ya jiji yule atengenezaye badala ya kubomoa. Na kwa uchache kabisa, inawezekana kuagiza kwamba hapana nyumba ya kale itakayoguswa kabla ya kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha, na nakala yake kuwekwa mahali ambapo mwananchi ataiona. Stesheni ya Jinja yaweza kuwa mahali hapo, na Mbale yaweza kupata mahali pake.

Hatari ya kungojangoja imeonekana Unguja. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo lilikuja kuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa mashuhuri, nalo limo ndani ya Mji Mkongwe ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ikiwa jumba la namna hiyo laweza kuanguka, duka la Main Street lisilojulikana na mtu lina matumaini gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JAMAA WAENDAPO KUZURU

Ziara ya Jinja haihitaji fedha nyingi. Jamaa wenye siku moja waweza kuanza stesheni asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Yafaa kila mtoto apewe kalamu ya risasi na karatasi, aandike mambo matatu: neno asilolijua, chombo asichopata kukiona, na swali moja la kumwuliza babu au bibi. Baada ya hapo waende Main Street kwa miguu, na watoto washindane kutafuta mwaka wa zamani kuliko yote juu ya kuta. Walioko Mbale waweza kufanya hivyo hivyo kuanzia kwenye mnara wa saa. Picha zipigwe kwa adabu. Mwenye duka aombwe ruhusa, na ndani ya eneo la bwawa, daraja na kambi sheria za ulinzi zifuatwe.

Warudipo nyumbani, kazi bado ipo. Kila nyumba ya askari ina makumbusho yake ndani ya sanduku la chuma: picha ya mafunzo, kitambulisho cha zamani, beji, barua, nishani ya babu aliyekwenda Burma. Nyuma ya kila picha yaandikwe kwa kalamu ya risasi laini, bila kukandamiza, majina ya waliomo, mahali na mwaka. Wino hupenya na kuharibu. Picha zisigandishwe kwa gundi wala utepe wa kunata, wala zisitundikwe penye jua. Zikae katika bahasha za karatasi, mahali pakavu pasipo na mende. Nishani isisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha kila mara, kwa maana kila isuguliwapo maandishi hupungua. Na mzee aliyefanya kazi relini, bwawani, kiwandani au jeshini aulizwe habari zake akiwa hai, na majibu yake yaandikwe.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini asili ya mji haikai katika kabila moja wala katika dini moja. Imo katika tofali la fundi wa Gujarat, katika taruma lililobebwa na kijana wa Busoga, katika chumba kidogo cha Walukuba na katika gunia la kahawa lililoteremshwa kutoka Wanale. Jioni, jua linapoangukia kuta za mbele za maduka ya Jinja, maandishi yaliyofifia mchana kutwa husomeka tena kwa dakika chache. Mzazi aliyewaleta wanawe saa hiyo awaambie wainue macho, wasome.